Kazi ya Siku

Walikuja Ijumaa, saa kumi alasiri,
saa wanayoipenda wenye barua,
maana mahakama imeshafunga
na kilio chochote kitangoja Jumatatu.
Dalali alishika kufuli jipya, bado lina nailoni,
akaisoma amri kwa kushindana na injini:
chumba kitafungwa kazi ya siku ikiisha.

Sechelela Mnyang'ali hakulia.
Alifuta unga kwenye nyusi.
"Rudia hapo pa mwisho, baba."
Akarudia.
"Kazi ya siku ikiisha," akasema Sechelela,
akageuka kuitazama foleni.

Hakuna aliyeitisha mkutano.
Mwenye genge alivuka barabara na bakuli la mtama.
Muuza mkaa akaja na mahindi ya kuku wake.
Nyumba ya tatu walitoa uwele wa pombe ya mahari,
wakasema mkwe atakunywa soda.

Mashine hii iliingia Chang'ombe mwaka wa njaa.
Ilishuka stesheni usiku, ikaburutwa na punda wanne,
kabla ya lami, kabla ya namba za viwanja,
kabla mtu hajajua kwamba vumbi hili jekundu
litakuja kuuzwa kwa mita.
Zahanati haikuwa na mizani.
Nilipimwa hapa, juu ya sahani ya magunia:
kilo nne na robo, karai likiwemo.
Uzito wa karai haukuwahi kutolewa.
Mpaka leo kadi yangu inadanganya.

Usiku wa kwanza tulisaga nafaka.
Usiku wa pili tulisaga unga.
Uliolainika ukarudi kulainishwa,
na pumba zikapitishwa tena na tena
hadi zikasahau kuwa ni pumba.
Vijana wa bodaboda walichangia dizeli
kwa chupa za maji, kila mmoja robo lita,
wakagombana nani kaleta pungufu.
Jumapili kwaya ilitoka ibadani na sadaka ya mavuno,
na Hamisi Ijengo, ambaye haingii kanisani,
ndiye aliyebeba gunia.

Saa nane za usiku mkanda ukakatika.
Kimya.
Sijawahi kusikia Chang'ombe imenyamaza hivyo;
mbwa walibweka kwa mshangao.
Dalali aliinuka kwenye tofali lake, kufuli mkononi,
na Ndahani, fundi asiyesikia tangu ujana,
hakumwona kama dalali. Aliona mkono mtupu mmoja.
Akaupa tochi.
"Juu kidogo. Hapo. Usitetemeke."
Akamulika mpaka mkanda uliposhonwa.
Hakusema yuko upande gani,
nasi hatukumuuliza. Alipewa chai.

Sasa ni Jumatatu na upepo umeamka.
Mtoto wa Mazoya fundi viatu, yule aliyesomea sheria,
amelala kwenye ngazi za mahakama, faili chini ya shavu,
awe wa kwanza karani akifungua saa tatu.
Lakini mtaa umekwisha.
Nimepita nyumba kwa nyumba; magunia yamekung'utwa,
madebe yanalia yakigongwa.
Foleni ni mimi.

Nimebeba masuke ya mbegu,
uwele ulioning'inia juu ya moshi wa jiko la mama
tangu Juni, wa kungojea mvua ya Desemba.
Mama aliutungua mwenyewe.
Hakunitazama alipokuwa ananipa.

Saa mbili na nusu.
Dalali anakung'uta unga kwenye suruali,
unga hautoki.
Sechelela amefumba macho, au anahesabu.
Ndahani ananionyesha kwa vidole viwili
namna ya kumimina: kama chumvi, mwanangu,
kama mtu anayeogopa kuzidisha chumvi.

Ninapukuchua suke la kwanza.
Punje kumi.
Injini inazipokea, inanguruma vilevile
kama kwa gunia zima.
Kumi nyingine.